KIOO CHA TAA KIKIPASUKA, USITUPE TAA NZIMA

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kukuta hapa habari za ndizi, viazi, maharage na parachichi. Wiki hii tunaiweka kando mizani ya mazao na kuitazama taa ya mbele ya gari linaloyabeba mazao hayo. Ndizi za Kiwira, viazi vya Isongole, chai ya Katumba na maziwa ya Tukuyu haviendi sokoni kwa miguu. Vinakwenda kwa Fuso, Canter, Hiace na Noah, na nyingi ya safari hizo huanza kabla jua halijachomoza. Gari lisiloona mbele ni hasara inayosubiri siku yake.

Msimamo wetu tunautoa mapema ili msomaji asitafute. Kioo cha taa kilichoharibika ni jambo la hesabu ya biashara, si la urembo wa gari, na hesabu hiyo haina jibu moja kwa kila gari. Kioo kilichofubaa kisafishwe. Kilichopasuka kibadilishwe chenyewe, taa ibaki. Taa iliyovunjika mwili mzima ndiyo inunuliwe nyingine. Wenye magari wengi hufanya kinyume chake: kioo kikifubaa hawajali, kikipasuka wanabandika selotepu, na siku wakishtuka wananunua taa nzima wakati walichohitaji ni kioo tu.

RUNGWE SI DAR ES SALAAM

Mwenye gari wa Dar es Salaam anaweza kutembea na taa dhaifu kwa muda mrefu, kwa kuwa mitaa mingi ina taa zake na hali ya hewa ni kavu kwa miezi mingi. Rungwe haina unafuu huo. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Mlima Rungwe wenye urefu wa mita 2,960 huwa jirani mzuri wa mashamba lakini si wa madereva, kwa sababu ya ukungu unaoshuka asubuhi na jioni. Barabara kuu inayotoka Uyole, kupita Kiwira na Tukuyu hadi mpakani Kasumulu, ina kona, miteremko na malori yanayokwenda na kutoka Malawi. Pembeni yake wanatembea watoto wa shule, wachuuzi wenye mikungu kichwani, baiskeli na bodaboda.

Katika hali hiyo, ufa mdogo kwenye kioo cha taa hauishii kuwa ufa. Maji huingia. Asubuhi utaona matone ndani ya taa, na mchana taa ikipata joto maji yale yanageuka mvuke na kutanda upande wa ndani wa kioo. Baada ya muda, ile sehemu ya nyuma inayong'aa kama fedha, ambayo kazi yake ni kuurudisha mwanga wa balbu mbele, huanza kubanduka na kuwa nyeusi. Ikifikia hapo, hata ukiweka kioo kipya na balbu mpya, mwanga hautoki. Vile vile soketi ya balbu hushika kutu, na balbu ya moto ikipigwa na tone la maji baridi inaweza kupasuka njiani usiku.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wa taa, usipobadilisha kioo utanunua taa.

KWA NINI TAA ZIMEKUWA GHALI

Wazee wa gereji wanakumbuka enzi za Land Rover, Bedford na malori mengine yenye taa za duara za inchi 7. Taa zile zilikuwa kioo kitupu, balbu imo ndani, zimefungwa moja kwa moja. Marekani ilizifanya kuwa za lazima kwa magari yake mapya kuanzia mwaka 1940, na umbo hilo lilienea duniani. Taa moja iliweza kufungwa kwenye magari ya aina nyingi. Ikipasuka, fundi alitoa skrubu chache, akachomeka nyingine, gari likaondoka. Duka la mji mdogo liliweza kuweka taa chache tu na kuhudumia wilaya nzima.

Mwaka 1983 Marekani iliruhusu taa za umbo lolote zenye balbu ya kubadilishwa, na baada ya hapo viwanda duniani viliendelea kuacha kioo na kutumia plastiki ngumu, kila gari na umbo lake. Hapa kwetu, milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na mitumba ya Japani ilipomiminika katika miaka ya 1990 na kuendelea, tulipokea magari hayo pamoja na taa zake. Tangu hapo taa ya Noah haiingii kwenye Hiace, na taa ya Hiace ya toleo moja huenda isiingie kwenye Hiace ya toleo jingine. Mwenye duka wa Tukuyu hawezi kuweka zote. Ndiyo maana jibu lililozoeleka ni kwamba uende Mbeya, na Mbeya ikikosa uagize Kariakoo au Ilala.

Plastiki hiyo ina faida yake. Ni nyepesi na haivunjiki ovyo kwa kokoto. Hata hivyo jua huila. Kiwandani hupakwa utando mwembamba sana wa kuikinga. Utando huo ukichakaa, kioo hugeuka njano na kufubaa. Gari lililofika hapa likiwa na umri wa miaka kumi au zaidi limeshaanza safari hiyo kabla halijashuka melini.

UHARIBIFU WA AINA TATU

Tunamshauri mwenye gari aanze kwa kujua tatizo lake ni la aina gani, kabla hajatoa hata senti.

Aina ya kwanza ni kufubaa. Kioo ni kizima, hakuna maji ndani, ila kimekuwa njano au cheupe kama maziwa. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilitoa matokeo ya uchunguzi wake mwaka 2018 kwamba taa zilizofubaa hivyo hutoa takriban asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Msomaji aitafakari tarakimu hiyo: mtu anayedhani ana taa mbili kumbe hana hata nusu ya moja. Uchunguzi huohuo ulionyesha kuwa kusafisha vizuri hurudisha mwanga hadi kiasi cha asilimia 70.

Kazi yenyewe haihitaji mashine kubwa. Rangi ya bodi huzibwa kwa tepu, kioo kinapigwa msasa wa maji, kuanzia ulio mkali kidogo hadi ule laini kabisa wa namba 2000 au 3000, kisha kinang'arishwa kwa polishi. Lakini hapo ndipo mafundi wengi wanapokomea, na hapo ndipo mteja anapopunjwa. Msasa umeondoa njano pamoja na mabaki ya ule utando wa kinga. Bila kupaka klia inayozuia jua, kioo kitarudi njano baada ya miezi michache, tena kwa kasi zaidi. Dawa ya meno inayosifiwa mitaani hung'arisha kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo ukipatana na fundi, usiulize bei ya msasa peke yake. Uliza kama klia imo ndani ya bei hiyo.

Aina ya pili ni ufa au tundu kwenye kioo, huku sanduku la taa, masikio yake ya kufungia na sehemu inayong'aa vikiwa vizima. Hii ndiyo taa inayotupwa kwa makosa. Katika magari mengi ya Japani ya zamani, kioo kimeshikwa kwenye sanduku kwa gundi nyeusi ambayo hulainika kwa joto. Fundi mwenye mkono mtulivu huipasha gundi polepole, akatoa kioo kibovu, akaweka kizima, akabana kwa gundi mpya. Kioo kizima atakipata wapi? Kwenye taa nyingine iliyotupwa kwa sababu masikio yake yamekatika au ndani yake kumeungua. Taa mbili mbovu hutoa moja nzima.

Zipo taa za gundi ngumu isiyolainika kwa joto. Hizo hufunguliwa kwa kukatwa, na si kila fundi anaiweza kazi hiyo. Kabla ya kukubali, mwulize fundi ameshafungua taa ya aina hiyo mara ngapi. Aidha, asitumie ile silikoni inayonuka kama siki, kwani mvuke wake huharibu sehemu inayong'aa. Na asizibe matundu madogo ya nyuma ambayo kiwanda kiliyaacha ili taa ipumue. Akiyaziba, unyevu uliobaki ndani hautatoka kamwe.

Ufa mdogo unaweza kuzibwa kwa gundi angavu ili gari limalize wiki ya mzigo. Tunasema wiki, hatusemi masika. Selotepu na nailoni si matengenezo.

Aina ya tatu ni taa iliyovunjika sanduku, masikio yamekwisha, au ndani kumekuwa cheusi. Hapo usipoteze pesa kwa fundi. Nunua taa nyingine.

HESABU YA MWENYE GARI

Tuchukue mfano wa kufikirika, na kila msomaji aweke bei aliyoulizwa yeye. Tuseme gari linaleta hesabu ya sh. 40,000 kwa siku. Taa nzima ya mtumba inauzwa sh. 200,000, kubadilisha kioo pamoja na ufundi ni sh. 80,000, na kusafisha pamoja na klia ni sh. 30,000. Kwa lugha ya biashara, taa nzima ni hesabu ya siku 5, kioo ni siku 2, na kusafisha hakufiki siku moja.

Sasa mwenye gari ambaye kioo chake kimepasuka anasema atasubiri. Mvua inapita, ndani ya taa kunaharibika, na kazi iliyokuwa ya sh. 80,000 inakuwa ya sh. 200,000. Amepoteza sh. 120,000, ambayo ni hesabu ya siku 3, kwa kusubiri tu. Akiongeza siku moja ya kulipeleka gari Mbeya bila mzigo, anapoteza nyingine sh. 40,000 pamoja na mafuta. Hapo hatujagusa faini ya trafiki wala balbu zilizoungua.

Wala hatujagusa ajali. Wengi wa wenye magari madogo ya biashara hukata bima ndogo. Bima hiyo ni kwa ajili ya madai ya watu wengine. Haitengenezi taa yako, haifufui Canter yako, na hailipi mikungu ya ndizi iliyomwagika mtaroni. Mchuuzi aliyekopa ili anunue mzigo huo anabaki na deni bila bidhaa. Kwa hiyo tunasema pia kwa mfanyabiashara asiye na gari: unapokodi gari la usiku, una haki ya kulizunguka na kuomba taa ziwashwe kabla hujapakia. Ni mtaji wako unaopanda humo. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama ni jambo jema, lakini stika haimuliki barabara.

NANI ALIPE, TAJIRI AU DEREVA?

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi. Dereva hufika na taa iliyopasuka, tajiri anamwambia akate kwenye posho yake. Dereva, ambaye anajua hesabu ya kesho haisubiri, analiondoa gari alfajiri likiwa na jicho moja ndani ya ukungu. Kila mmoja amelinda fedha zake, na abiria wa kiti cha mbele ndiye aliyewekwa rehani.

Maoni yetu ni haya. Kufubaa ni uchakavu, na uchakavu ni wa mwenye mali. Kokoto iliyorushwa na lori ni gharama ya biashara, nayo ni ya mwenye mali. Dereva aliyegonga geti kwa uzembe ana sehemu yake ya kulipa, lakini sehemu hiyo ijulikane siku anapokabidhiwa funguo, si siku kioo kinapovunjika. Iandikwe daftarini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Njia rahisi ni kutenga kiasi kidogo kila wiki kwa ajili ya taa, wipa na breki, kikae mbali na hesabu ya kawaida. Wapo watakaosema biashara ni ngumu na hakuna cha kutenga. Tunawajibu kwamba asiyeweza kutenga hesabu ya nusu siku kwa wiki anaendesha gari kwa mtaji wa kesho, na atajua hivyo siku litakapolala gereji.

NAFASI YA MTAJI MDOGO

Kwa wasomaji wanaotafuta mahali pa kuweka fedha kidogo, tunaona hapa pana kazi. Hatushauri kufungua duka la taa nzima. Hapo mtaji utalala rafuni, kwa sababu ya wingi wa maumbo tuliyoyaeleza. Tunachoshauri ni meza ya ufundi Tukuyu au Kiwira yenye msasa, polishi, klia, gundi inayofaa, mashine ya kupuliza hewa ya moto, na akiba ya taa mbovu zilizonunuliwa kwa bei ya chini kwa ajili ya kutoa vioo.

Kabla ya kununua akiba hiyo, mtu akae stendi siku mbili na daftari, ahesabu ni magari ya aina gani yanapita zaidi. Anunue kwa aina tatu au nne zinazoongoza, basi. Vijana waliotoka VETA wanaweza kuishika kazi hii, na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi Mbeya ambako mtu anaweza kuulizia mafunzo na mikopo. Fedha inayokwenda Mbeya na Kariakoo kwa taa nzima, sehemu yake ingebaki wilayani.

Tahadhari moja: taa mbovu zinunuliwe kwa risiti au kwa maandishi yenye jina la muuzaji. Vioo na taa za magari huibwa, na anayenunua mali ya wizi hujiingiza kwenye kesi. Ndiyo maana wenye magari huchora namba ya gari kwenye taa. Wanaochora wafanye hivyo pembeni kabisa, mbali na njia ya mwanga, kwani kila mkwaruzo huondoa utando wa kinga.

UKINUNUA, NUNUA INAYOINAMA KUSHOTO

Anayenunua taa nzima ajue jambo ambalo baadhi ya wauzaji hawalisemi. Taa ikipunguzwa, mwanga wake hauko sawa pande zote. Kwetu tunaendesha kushoto, kama Japani na Uingereza, hivyo mwanga huinuka upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara na kumwepusha anayekuja. Taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kama Falme za Kiarabu, Ujerumani na Marekani, huinuka upande wa kulia. Ukifunga taa ya namna hiyo hapa, unampiga dereva wa lori machoni kwenye kona huku ukingo wako ukibaki giza. Inaweza kuwa mpya, inang'aa, na bado ikawa mbaya kuliko ya mtumba kutoka Japani.

Kuipima ni rahisi. Weka gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, washa taa za chini. Mwanga uwe na mstari wa juu unaoonekana, unaopanda upande wa kushoto, na mstari huo uwe chini ya kimo cha taa yenyewe kwa kama sentimita 10. Kipimo hiki kifanyike pia kila fundi anapofungua taa, kwa kuwa taa iliyorudishwa vibaya hummulikia ndege wa mtini badala ya barabara.

Mwisho, asiye na mwanga wa kutosha asikimbilie balbu kali. Taa nyingi za plastiki zimetengenezwa kwa balbu za wati 55 au 60. Balbu za wati 100 huyeyusha plastiki na kuunguza nyaya, na katika ukungu mwanga mkali usio na mpangilio humrudia dereva mwenyewe machoni. Tatizo likiwa kioo, dawa ni kioo.

Tunarudia kwa mwenye gari la biashara wa Rungwe: leo jioni washa taa zako mbele ya ukuta na uzitazame. Kama zimefubaa, zisafishe wiki hii. Kama kuna ufa, tafuta kioo kabla mvua haijakitafuta kwa niaba yako. Na kama taa imekwisha, nunua inayoinama kushoto, udai risiti. Rahisi huwa ghali, na kwenye barabara ya Tukuyu saa kumi alfajiri, ghali hiyo hailipwi kwa shilingi peke yake.